Uzi wa Ubavuni

Dada yangu hakuuzii kitu mpaka aketi ndani ya gari lako. Unaweza kuja na haraka zako zote, ukataja unachotaka na rangi yake, naye akakuitikia haya, haya. Kisha atafungua mlango na kuketi kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, kimya. Akitoka hapo anahamia kiti cha nyuma. Mwisho anafungua buti na kuchungulia. Muda huo ameshajua kwamba una mtoto anayetapika safarini, kwamba unafunga breki kwa ghafla, na kwamba kile kijokofu cha gari ulichokuja kukitafuta utakitumia mara moja tu, halafu kitageuka nyumba ya mende.

"Hiki huhitaji," atakwambia. "Hiki nacho huhitaji. Hiki chukua."

Wateja wanamwita Mama Vikorombwezo, na huo ni utani wao, kwa sababu vikorombwezo, yale mapambo ya gari yasiyo na kazi, ndivyo anavyovifukuza. Nikimwambia, Dada, tutakula nini ukiendelea kuwakata watu hamu, ananijibu kwamba mteja aliyeambiwa ukweli hurudi na shemeji yake. Na kweli wanarudi na mashemeji. Duka letu ni vyumba viwili na uwanja wa kuegesha magari matatu, manne kama madereva wanapendana.

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni cherehani. Nashona vifuniko vya viti, chumba cha nyuma, dirisha likitazama uwanjani. Watu wanadhani kushona kifuniko cha kiti ni sawa na kushona foronya. Si sawa. Magari ya siku hizi, hasa haya makubwa ya kifahari ambayo ili uyapande lazima uinue goti, yana mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni mwa kiti. Gari likigongwa kwa pembeni, mfuko unafumuka kwa kishindo na kumkinga mtu asivunjike mbavu. Sasa ukikivika kiti ngozi nyingine juu, ukaishona pande zote kwa uzi mnene wa nailoni, mfuko utatokea wapi? Utabanwa humo humo, na mwenye gari atapokelewa na mlango. Kwa hiyo pale ubavuni, urefu wa kiganja kimoja na nusu, fundi anayejua kazi anashona kwa uzi mwepesi wa pamba na mishono mirefu, ili uachie ukisukumwa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Anayejua ni aliyeshona na Mungu wake.

Aliyenifundisha hayo ni Dada. Cherehani ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu, na alikuwa ananizidi kwa mbali. Mshono wake ulinyooka kana kwamba umepigwa rula. Leo hawezi kushika sindano. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha magodoro. Walipopungukiwa na watu upande wa kukata sponji, wakamhamishia huko. Msumeno wa sponji ni ukanda wa chuma unaozunguka bila kupumzika, na mbele yake palikuwa na kinga, bati zito lenye bawaba, ambalo lazima uliinue na kulishusha kila unapoingiza kipande. Hilo linachukua muda. Kiwanda kikapata oda kubwa, na meneja hakuwa na muda wa kupoteza. Asubuhi moja akaja na spana, akaifungua ile kinga kwa mikono yake mwenyewe na kwenda kuiegemeza nyuma ya mlango wa ofisi yake. Siku ya tatu, kidole cha shahada na cha kati vya dada yangu vikabaki kwenye sponji.

Wakaguzi walipofika, kinga ilikuwa imesharudishwa mahali pake na imefutwa vumbi. Meneja akaandika kwenye ripoti: mfanyakazi alisinzia. Halafu akaja hospitali na mfuko wa machungwa na karatasi. Dada alikuwa bado amelewa dawa, na mkono wa kuandikia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Meneja akavuta pumzi, akasema ni karatasi ya kawaida tu, akamshika mkono wa kushoto kwa upole, akamchovya kidole gumba kwenye wino na kukigandamiza kwenye karatasi. Nilikuwa nimesimama pale miguuni mwa kitanda. Nilidhani ni karatasi ya dawa, kumbe ilikuwa ya kukiri kwamba alisinzia. Nikamwambia ahsante, mzee, kwa machungwa.

Ile "alisinzia" ilimfuata dada yangu kila alikokwenda. Alipoomba kazi kwingine, walikuwa wameshaisikia. Mwanamume aliyekuwa akimchumbia akapata sababu ya kumwacha. Hata mama yetu, aliyemzaa na kujua kwamba ni mtu wa usingizi mwepesi, anaamka paka akipita, hata yeye alikuwa akiutazama ule mkono na kuuliza polepole, "Lakini mwanangu, hukufumba macho hata kidogo?" Mama ametutoka na swali lake.

Ukimuuliza Dada anataka nini kwa yule mtu, jibu lake ni lile lile. Hataki afungwe. Hataki apate kiharusi wala jengo limwangukie, mambo ambayo mimi nimemwombea kwa majina. Anataka aseme, mbele ya watu wanaosikia, "Kinga niliitoa mimi." Basi.

Mimi sikuwahi kumwelewa. Maneno yanaotesha kidole? Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sasa mimi kovu halikuwa hata langu, na sikupoa. Nilipokuwa nakata ngozi, nilikuwa namkata yule mtu. Nimevaa hasira hiyo miaka kumi na moja kama nguo ya ndani, hakuna anayeiona na siivui.

Jumatano moja akaingia uwanjani kwetu.

Gari lake lilikuwa jipya, jeupe lenye kumeremeta kama lulu, refu kiasi kwamba alishuka kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitandani. Alikuwa amenenepa na kuota mvi, lakini ile sauti ya upole ya hospitali ilikuwa ile ile. Niliisikia kupitia dirishani na mguu wangu ukakwama kwenye pedeli ya cherehani.

"Mama Vikorombwezo ndiye wewe? Nimeelekezwa kwako. Nimestaafu, nimejizawadia. Sasa nataka livae."

Alikuwa na orodha kwenye simu. Ngao ya chuma ya mbele, ya kukinga ng'ombe. Taa sita za juu. Keria, na hema la kufunga juu ya keria. Vikanyagio vya pembeni vinavyowaka. Nilimtazama Dada nikisubiri amtambue. Alimtambua. Nilijua kwa sababu aliuficha mkono wa kulia nyuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mteja yeyote, kisha akaurudisha mbele na kuuacha hapo hapo juu ya meza, mbele ya macho ya mzee.

"Ngoja kwanza nikae," akasema.

Akaketi kiti cha dereva, akahamia nyuma, akafungua buti. Aliporudi alianza kumfutia ile orodha kama kawaida yake.

"Ng'ombe unakutana nao wapi, mzee?"

"Sikutani nao."

"Basi ngao achana nayo. Itaziba vile vidude vinavyokulilia ukikaribia ukuta, halafu ukuta ndio utaugonga. Na hema la nini? Umefukuzwa nyumbani?"

Mzee akacheka mpaka akashika tumbo. "Na taa sita?"

"Utawapofusha wenzako. Sikiliza. Chukua kapeti za mpira zenye kulabu. Chukua wavu wa buti, naona unabeba mitungi ya gesi. Chukua kamera ya kioo cha mbele. Pampu ya upepo ya kuchomeka, maana tairi ya gari hili hutaibadilisha peke yako kwa umri huo. Na viti?"

"Vifuniko vya ngozi, vyote. Mke wangu ana mbwa."

"Vitashonwa. Liache gari, njoo Jumamosi."

Hapo ndipo mzee alipouona mkono. Aliuona kwa mara ya kwanza, naapa, kama mtu anayeona mkono wa mgeni.

"Pole, mama. Ajali?"

"Ya kazini."

"Pole sana." Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Mimi nimeongoza wafanyakazi miaka thelathini. Shida ni umakini. Watu wanakwenda kazini na usingizi."

Dada akaandika jina la gari kwenye daftari kwa mkono wake wa kushoto. "Jumamosi saa nne, mzee," akasema.

Alipoondoka nilitoka nikiwa nimeshika mkasi na sikujua kwamba nimeushika.

"Umempa kapeti za kulabu!" nikamfokea. "Umemchagulia kama unamchagulia baba yako! Ungempa ile ngao, ungempa taa, angejigonga huko aliko!"

"Punguza sauti."

"Hakukukumbuka, Dada. Hata chembe."

"Nimeona." Akafunga daftari. "Mshonee vizuri. Jumamosi nina maneno naye."

Maneno! Nilirudi chumbani nikicheka peke yangu. Watu wengine wanalipwa kwa fedha, dada yangu anataka kulipwa maneno. Nikasema, mimi sina maneno na mtu yule. Dawa ya moto ni moto. Yeye aliitoa kinga ya mashine akasema ni usingizi. Na mimi nitaitoa yake.

Nilishona viti vitano siku mbili. Vinne nilivishona kama nilivyofundishwa, kwa sababu mke wake sikumjua na mbwa hakunikosea. Cha tano, cha dereva, nilipofika ubavuni nilikata uzi wa pamba na kuchomeka nailoni mnene. Nikaufunga mishono mifupi, ya karibu karibu, mistari miwili. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyekohoa kitu kilichomkaba miaka mingi.

Dada ana utaratibu wake. Kwa kuwa vidole vyake haviwezi kuvuta mshono uliokwisha kwenye kiti, kila kiti namshonea kando kitambaa kidogo cha majaribio, kwa uzi ule ule na mishono ile ile, naye anakibana kwa meno na kukivuta. Kikichanika, kiti kimepita. Ijumaa jioni nikampelekea vitambaa vitano. Vyote vitano nilikuwa nimevishona kwa pamba. Akavuta vinne, vikachanika. Cha tano akakigeuza geuza, akakiweka mfukoni.

"Hiki nitakivuta kesho," akasema. "Umeshona sawa?"

"Kwani lini nimeshona kombo?"

Akanipapasa shavu kwa ule mkono wa vidole vitatu. Nilisimama palepale, nikamwacha anipapase.

Jumamosi saa nne mzee alifika na kofia mpya. Uwanjani palikuwa na dereva wa teksi aliyesubiri kapeti zake, na muuguzi mmoja aliyeleta kigari chake kifungwe kiti cha mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba changu. Nilitaka kumwona akikikalia kile kiti. Hilo tu ndilo lililonitoa nje.

Dada alifungua mlango wa dereva.

"Njoo nikuonyeshe ulichokichukua, mzee, usije ukasema nimekufunga macho." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Dereva wa teksi akageuka. "Kapeti hizi zina kulabu mbili chini. Kapeti ikiteleza inabana pedeli ya mafuta, gari halisimami. Hii ni kinga. Huu wavu wa buti, ukifunga breki mtungi wa gesi hauji kukupiga kisogo. Nayo ni kinga. Kamera hii, ikitokea ajali na mtu mwenye cheo akasema wewe ulisinzia, yenyewe itasema kama kweli ulisinzia. Kinga hiyo pia."

"Umefikiria kila kitu," mzee akasema akitabasamu.

"Bado." Akatoa kile kitambaa mfukoni, akakibana kwa meno na kukivuta. Kikachanika kwa sauti ndogo. "Ndivyo kiti chako kilivyoshonwa ubavuni, ili mfuko wa hewa utoke ukukinge. Tungeweza kuacha. Usingejua. Mashine ya mtu, ukiitoa kinga yake, madhara yake atayajuaje mpaka siku ya tatu?"

Tabasamu la mzee likabaki usoni bila mwenyewe.

"Nitazame, meneja," Dada akasema. "Sponji. Oda ya magodoro ya shule za bweni. Ulikuja na spana asubuhi, na mimi nilikushikia taa uone nati za kinga. Umesahau nilikushikia taa? Baadaye uliandika kwamba nilisinzia. Mama yangu amekufa akiniuliza kama nilisinzia. Mimi leo nimekuwekea kinga kila mahali palipohitaji kinga, na sitaki kwako kitu kingine. Hawa watu wawili wanasikia. Ile kinga ya msumeno ilitolewa na nani?"

Muuguzi alikuwa ameshika kiti cha mtoto kifuani. Mzee aliutazama mkono wa Dada, na safari hii aliutazama kweli, kidole kwa kidole, hadi pale pasipokuwa na kidole. Akavua kofia.

"Mama," akasema. "Kinga ile..."

Akavuta pumzi.

Na mimi kule kuvuta pumzi nilikufahamu. Ndivyo alivyovuta pumzi hospitali kabla ya kusema karatasi ni ya kawaida tu. Niliona anapanga uongo. Niliona atasema ilikuwa imeharibika, atasema mafundi ndio walioitoa, atasema pole sana mama na kutikisa kichwa. Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Usimbembeleze, Dada!" nikapiga kelele nikiinuka. "Acha aseme anachotaka! Mimi kiti chake nimekishona kwa nailoni! Mistari miwili! Akae, aendeshe, agongwe, halafu wakaandike alisinzia!"

Nilikuwa nimenyoosha kidole. Nikakiona kidole changu mwenyewe hewani, kizima, na hakuna aliyekuwa akikitazama. Wote walikuwa wanamtazama Dada.

Mzee akafunga mdomo. Nilimwona akiufunga, polepole, kama mtu anayefunga droo. Akavaa kofia. Akainama ndani ya gari na kushika mshono wa ubavuni kwa mikono miwili, akavuta, akavuta tena. Haukuachia.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia dereva wa teksi na muuguzi, kwa ile sauti yake ya upole. "Mmeona wenyewe. Mzee mtu mzima nimekuja na gari langu, nachezewa maigizo, kumbe wameniandalia jeneza."

"Dada yangu hakujua," nikasema. "Ni mimi peke yangu."

"Sikuuliza nani," akasema mzee.

Muuguzi aliweka kiti cha mtoto chini. Akamuuliza Dada, bila ukali, kama hata vile vya wateja wengine tunavishona hivyo. Dada alikuwa bado ana kile kitambaa kilichochanika mkononi. Akanitazama mimi. Muuguzi akaingia kwenye kigari chake na kuondoka. Dereva wa teksi alibaki kidogo zaidi, kisha akasema atarudi siku nyingine kufuata zile kapeti.

Dada akaingia chumbani kwangu. Alirudi na kifumulio, kile kichuma chenye ncha mbili cha kufumulia nyuzi, akaniwekea kiganjani.

"Fumua," akasema.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya lile gari na kufumua. Mshono wangu ulikuwa mzuri mno. Kila uzi ulinigomea. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi ya wateja, mguu juu ya mguu, akinisimamia. Aliomba maji, Dada akampelekea. Akayanywa, akarudisha bilauri, akasema ahsante mama. Nilikishona upya kwa uzi wa pamba, hapo hapo, kwa mkono, yeye akivuta kila nilipomaliza sehemu kuhakikisha. Kisha akapanda, akafunga mkanda, akaondoka na kinga zake zote.

Usiniambie hasira hasara. Naijua, nilifundishwa darasa la pili. Na yule mtu namchukia leo kuliko jana, kama ulitaka kujua. Bado naamini alikuwa anapanga uongo. Nilimwambia Dada hivyo jioni ile tukifunga milango, nilimwambia mara tatu, kwamba angesema mafundi, angesema ilikuwa mbovu, mimi ile pumzi yake naifahamu.

Dada alikuwa anakunja zile kapeti za dereva wa teksi ambazo hazikuchukuliwa. Kwa mkono wake ule, kukunja kapeti moja ni kazi ndefu, na hakutaka nimsaidie.

"Labda," akasema. "Lakini ulimi wake ulikuwa umeshaigusa. Alisema 'kinga ile'. Miaka kumi na moja ripoti yake imekuwa ikisema hapakuwa na tatizo la kinga, tatizo ni usingizi wangu. Leo akasema 'kinga ile', mdogo wangu, na kabla hajamaliza mimi nikakusikia wewe."